Kichwa Kisichopona na Sindano ya Mgongo

Ndugu anayeishi na virusi vya UKIMWI akiumwa kichwa, mara nyingi tunakimbilia dawa ya malaria. Lakini kichwa kikiuma wiki ya pili, pamoja na homa, kutapika au kuona vitu viwili-viwili, mpelekeni hospitali upesi. Huenda ni uti wa mgongo unaoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Fangasi huyu hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Huingia kwa pumzi na kumshambulia aliyeishiwa kinga. Kumwuguza mgonjwa hakuambukizi, wala hajalogwa.

Daktari ataomba kutoa maji ya mgongo. Hapo ndipo ndugu hukataa: "Sindano ile inaua!" Kinachoua ni ugonjwa ulioachwa mpaka mgonjwa akapoteza fahamu, kisha sindano ikasingiziwa. Maji yale hupimwa, na kuyapunguza hushusha shinikizo kichwani. Maumivu nayo hupungua.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusaitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ambaye hajaanza ARV husubirishwa wiki 4 hadi 6. Asizianze kwa siri nyumbani.