Kuweka, Kunakili, Kusakinisha: Istilahi za Linux katika Flashi

Miongozo ya kompyuta humwambia msomaji "aweke" Linux katika flashi. Kitenzi hicho kimebebeshwa matendo matatu tofauti, na atakayeyachanganya huenda akafuta nyaraka zake zote.

Tendo la kwanza ni kunakili. Faili la mfumo huingia flashini kama barua iingiavyo katika jalada, na kwa kawaida kompyuta haiwezi kuanza kwa faili hilo.

La pili ni kuandika taswira. Programu maalumu hufuta yaliyomo katika flashi, kisha huupanga mfumo humo ili kompyuta iwashwapo iusome moja kwa moja. Mfumo wa namna hii hutumia kumbukumbu ya muda, wala hauigusi diski ya ndani mpaka uamriwe. Kompyuta ikizimwa, kazi iliyofanywa hupotea, ila ikiwa imetengwa hifadhi ya kudumu. Mjerumani Klaus Knopper alikwisha kuusambaza utaratibu huu kwa sahani za CD mwaka 2000, katika Knoppix yake. Wengine huuita "mfumo hai". Lakini mfumo mfu ni upi? Sisi twapendelea "mfumo mpitaji".

Sababu ya upendeleo huo ni tendo la tatu, kusakinisha. Shina lake ni sakini, yaani kukaa mahali, na ndugu yake ni maskani. Linux iliyosakinishwa flashini imefanya maskani humo: hupokea masahihisho na kutunza kazi, ingawa flashi huchakaa upesi kwa kuandikwa mara kwa mara. Hapa ndipo penye hatari. Msakinishaji sharti ateue flashi, si diski ya ndani, na sharti kianzishi nacho kiandikwe flashini. Kikiandikwa katika diski ya ndani, huenda siku flashi ichomolewapo kompyuta ikashindwa kuanza.

Kuhusu chombo chenyewe, wapo wasemao "diski mweko". Tafsiri hiyo ina asili njema, kwani kumbukumbu hii, aliyoitangaza Mjapani Fujio Masuoka mwaka 1984, ilipewa jina kwa kuwa hufutwa kwa mara moja mithili ya mweko wa kamera. Hata hivyo, dukani mteja huomba flashi naye hupewa flashi. "Diski mweko" na libaki katika vitabu vya ufundi.