Asili na Maana ya Neno "Jozi" katika Kiswahili

Neno jozi hutaja vitu viwili ambavyo kimoja hakikamiliki bila kingine, kama vile viatu, soksi au hereni. Katika fonolojia limepewa kazi mahususi zaidi: ni kwa jozi ya mlinganuo finyu, mathalani pata na bata, ndipo hadhi ya fonimu mbili inapothibitishwa. Hata hivyo, maelezo ya asili yake mara nyingi huishia kwenye kauli kwamba ni neno la Kiarabu. Kauli hiyo ni sahihi lakini haitoshi, kwa sababu umbo la Kiarabu sanifu lenye maana hiyo ni zawj, wala si jawz.

Zawj lenyewe ni mkopo. Chanzo chake ni neno la Kigiriki zeugos, yaani wanyama wawili waliofungwa nira pamoja, lililopitia Kiaramu kabla ya kufika katika Kiarabu. Baina ya zawj na jozi kuna mabadiliko mawili ya kifonolojia. La kwanza ni aw kuwa o, kama inavyoonekana katika hofu (khawf), toba (tawba), dola (dawla) na lozi (lawz). Badiliko hili peke yake si ushahidi wa kutosha, maana sauti (sawt), mauti (mawt) na kauli (qawl) hazikulipitia. La pili, ambalo ndilo lenye uzito, ni konsonanti z na j kubadilishana nafasi. Badiliko hilo halihitaji kudhaniwa kuwa lilitokea katika Kiswahili, kwani katika Kiarabu cha mazungumzo cha Misri na Shamu neno hilo hilo hutamkwa goz au joz. Kwa hiyo, umbo la Kiswahili linaafikiana na Kiarabu kilichosemwa zaidi kuliko Kiarabu kilichosomwa.

Maana inaelekeza huko huko. Katika matumizi ya kale, zawj ni kimoja chenye mwenzake, si viwili kwa pamoja. Aya ya 143 na ya 144 za Sura ya Al-An'am zinataja azwaj nane, kisha zinazihesabu: kondoo wawili, mbuzi wawili, ngamia wawili na ng'ombe wawili. Nane hapo ni idadi ya wanyama wenyewe. Mswahili akiambiwa jozi nane atahesabu 16. Aidha, zawj pia ni mume, na maana hiyo haikuambatana na jozi kuingia katika Kiswahili. Mume na mke, maneno ya Kibantu, yalikwisha kuishika nafasi hiyo.

Huenda mtu akavutwa na mfanano wa jozi na neno la Kihindi joṛā, lenye maana hiyo hiyo. Mfanano huo ni wa kubahatisha. Konsonanti ya Kihindi ṛ huwa r katika Kiswahili, kama gāṛī lilivyokuwa gari, na hakuna sababu ya kutarajia z mahali hapo. Mchango halisi wa Kihindi katika uwanja huu ni doti, kutoka dhotī. Katika biashara ya nguo ya karne ya 19, doti moja ilikuwa shuka mbili, yaani yadi nne. Leo ni vipande viwili vya kanga vinavyouzwa pamoja. Ni jozi kwa maana, lakini muuzaji wa kanga huita doti.

Suala la kileksikografia linabaki kwenye jozi ya pili, ile ya tunda lenye ganda gumu, itokanayo na jawz ya Kiarabu. Haina uhusiano wowote na nira wala na zawj. Kufanana kwao kumetokana na mpishano wa konsonanti ulioelezwa hapo juu. Kuziweka chini ya kidahizo kimoja ni kuzichukulia homonimu kuwa polisemia. Zinastahili vidahizo viwili, kila kimoja na asili yake.