Istilahi za Modeli za Ndege na Historia ya "Lau"

Kuunda modeli ya ndege kwa plastiki, mbao au karatasi ngumu ni kazi ya mikono. Kuitaja na kuieleza ni kazi ya lugha. Uko upande mmoja wa ufundi huu unaowatatiza wafasiri. Mwundaji huchagua ndege ya kivita iliyopata kuwako, akaibadilisha sehemu kadhaa, akaitia rangi na alama ambazo haikupata kuzivaa, kisha akaiandikia maelezo ya vita ambavyo havikutokea. Je, kitu hicho tukiiteje kwa Kiswahili? Na maelezo yake tuyaandike kwa njeo gani? Katika makala haya tutajaribu kuyajibu maswali hayo mawili. Mfano wetu tutauchukua Tabora, ili istilahi zipimwe kwa historia iliyo karibu na wasomaji wetu.

Kwanza tulitazame jina la kitu chenyewe. Maneno yanayotumika ni mengi: mfano, sanamu, kigezo, kielelezo na modeli. "Mfano wa ndege" huweza kueleweka kuwa ni ndege mojawapo kati ya nyingi. "Sanamu" huonyesha umbo, lakini haina sharti la vipimo: sanamu ya simba yaweza kuwa na kichwa kikubwa kuliko kifua, na isipoteze jina lake. "Kigezo" hutangulia kitu na hutumiwa kukipimia, hali modeli hufuata kitu kilichokwisha kuwako. "Kielelezo" ni neno zuri, ila limekwisha kubeba mizigo mingi, tangu michoro ya vitabuni hadi ushahidi wa mahakamani. Kwa hiyo twaona yafaa kulitumia neno "modeli", ambalo limekwisha kuzoeleka, na kuliongezea sifa inayolibainisha, yaani "modeli ya uwiano". Neno "uwiano" mwalimu wa hesabu analo tayari, na "skeli" mwalimu wa jiografia huitumia kila asomeshapo ramani.

Maana ya uwiano ni hii. Katika skeli ya 1/72, sentimeta 1 ya modeli husimama badala ya sentimeta 72 za ndege yenyewe. Ndege yenye mabawa ya mita 16 na nusu kutoka ncha hadi ncha itatoa modeli ya sentimeta 23 hivi, nayo yakaa juu ya meza bila taabu. Lakini chombo cha anga cha Kijerumani kilichoitwa L 59 kilikuwa na urefu wa mita 226 na zaidi. Kwa skeli hiyo hiyo modeli yake ingepita mita 3, na mwundaji hana budi kuchagua skeli ndogo zaidi. Skeli, basi, ni ahadi inayotolewa kwa mtazamaji, kwamba kila sehemu imepunguzwa kwa kadiri moja.

Sasa tuingie katika historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827, ambazo ziliwekwa katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Zilikuwa ndege za kutua juu ya maji. Wengi huziita "ndege za majini", na jina hilo si kosa, ingawa msikilizaji aweza kudhani zimerushwa na majini wa hadithi. Sisi twapendekeza "ndege ya maboya", kwa kuwa maboya mawili yaliyofungwa chini yake ndiyo yaliyoieleza kazi yake. Katikati ya mwaka 1916 ndege hizo ziliishambulia Kigoma kwa mabomu. Mwezi Julai mwaka huo Wajerumani waliihama Kigoma na kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ambayo baadaye iliopolewa na kuanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Yaliingia kwa miguu. Ndege za maboya zilibaki ziwani.

Meli hiyo yatufundisha tofauti moja ya istilahi. Mizinga yake ilipoondolewa ili itumike nchi kavu, iliwekwa mizinga ya mbao mahali pake. Mizinga ile haikuwa modeli. Ilikuwa "mizinga bandia". Bandia hutengenezwa ili mtu adanganyike. Modeli hutengenezwa ili mtu aelewe. Tofauti hiyo haimo katika mbao wala katika rangi, bali imo katika maelezo yanayofuatana na kitu. Modeli ikikosa maelezo ya kweli, yageuka bandia mikononi mwa aliyeiunda.

Tuseme mwalimu wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, awaongoza wanafunzi wake kuunda modeli ya Short 827 iliyovuliwa maboya na kufungwa magurudumu, kana kwamba ilitua katika uwanda wa Isikizya mwaka 1916. Zoezi hilo lina manufaa. Hatua yake ya kwanza ni kutafuta mahali ambapo historia ya kubuniwa inaachana na historia iliyotokea. Mahali hapo twapendekeza paitwe "njiapanda". Tabora yenyewe ilikuwa njiapanda ya misafara: iliyotoka pwani iligawanyika hapo, mingine ikashika njia ya Ujiji na mingine ikaelekea kaskazini kwenda Karagwe. Njia zote mbili zilianza mahali pamoja, lakini msafara mmoja haukuweza kuzifuata zote.

Hatua ya pili ni kuyafuata matokeo bila kuvunja sheria za maumbile. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kilometa 400 hivi kwa reli, mwendo ambao ndege ile haikuweza kwenda na kurudi bila kujaza petroli. Tena uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye kimo cha mita 770 hivi, hali Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi zaidi na mabawa hubeba kwa shida zaidi. Na petroli hiyo ingalibebwa na nani? Ingalibebwa na wapagazi. Hapa mchezo wagusa jambo zito. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile kwa njaa, maradhi na uchovu, na Wanyamwezi, watu wa safari tangu kale, walikuwa miongoni mwa waliobebeshwa mizigo. Historia ya kubuniwa inayorusha ndege na kumsahau mpagazi haikubuni kitu, imefuta watu.

Historia ya namna hii tuiiteje? Wengine husema "historia mbadala". Twaona neno hilo lina hatari. Kilicho mbadala hushika nafasi ya kingine, kama tusemavyo "nishati mbadala". Wanahistoria wa Dar es Salaam, wakiwamo I. N. Kimambo na A. J. Temu waliohariri historia ya Tanzania iliyotoka mwaka 1969, walitoa historia ya kushika nafasi ya ile ya wakoloni, nayo ilikuwa historia ya mambo yaliyotokea. Si haki kuiweka katika chungu kimoja na ndege isiyopata kutua. Sisi twapendekeza "historia ya lau", na modeli yake iitwe "modeli ya lau". Kwa neno "lau" msikilizaji hutarajia jambo ambalo halikuwa.

Lililobaki ni njeo, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Tulinganishe maelezo mawili:

(a) Mwaka 1916 ndege hii ilitua Isikizya na kuwapelekea askari habari za adui.

(b) Lau ingalifungwa magurudumu mwaka 1916, ndege hii ingalitua Isikizya na kuwapelekea askari habari za adui.

Kati ya "ilitua" na "ingalitua" pana silabi moja tu, "nga". Silabi hiyo ndiyo mpaka kati ya ushahidi na dhana. Twajua kuwa katika mazungumzo watu wengi huchanganya -nge- na -ngali-, na hatukusudii kuwakemea. Lakini katika maelezo ya modeli, ya makumbusho na ya vitabu vya shule, ni vema -nge- ibakie kwa jambo ambalo bado laweza kuwa, na -ngali- kwa jambo ambalo wakati wake umepita. Kuhusu L 59 twasema: mwezi Novemba 1917 kiliondoka Bulgaria kuwapelekea mahitaji Wajerumani waliokuwa Afrika Mashariki, kikafika juu ya Sudani, kikarudi. Hayo ni ya -li- na -ka-. Kingalifika, vita vingaliendeleaje? Hayo ni ya -ngali-, na hayana ruhusa ya kuvua alama hiyo.

Kwa muhtasari twapendekeza: modeli ya uwiano, skeli, ndege ya maboya, bandia kwa kilichokusudiwa kudanganya, njiapanda kwa mahali historia mbili zinapoachana, historia ya lau na modeli ya lau. Kila modeli ya lau iandikiwe maelezo ya sehemu mbili: kwanza yaliyotokea, kwa -li-, kisha yaliyobuniwa, kwa -ngali-. Mtoto atakayeisoma kadi hiyo atakuwa huru kuirusha ndege yake popote apendapo, naye atajua ni wapi ilipotua kweli.