Hasara na Haki Ziandamane: Kujichapishia Riwaya au Kumwendea Mchapishaji Mdogo

Utangulizi

Katika vyuo vyetu wapo wanafunzi wengi wa Kiswahili wenye miswada ya riwaya na hadithi fupi iliyokwisha kukamilika, nayo imelala madaftarini na katika tarakilishi. Kinachowakwamisha si uhaba wa vipawa bali ni swali la njia. Wachapishaji wakubwa wa Nairobi hutegemea zaidi vitabu vya kiada, na riwaya ya mwandishi asiyejulikana si rahisi ipate nafasi kwao. Zinabaki njia mbili: mwandishi ajitolee kitabu kwa fedha zake, au aukabidhi mswada kwa mchapishaji mdogo. Makala hii inanuia kuzieleza njia hizo, faida na athari zake. Hoja yetu kuu ni kwamba hasara na haki sharti ziandamane: anayebeba hatari ya fedha ndiye anayestahili haki za kitabu, tena kwa kadiri ya mzigo alioubeba.

Kupiga chapa si kuchapisha

Kwanza ni muhimu kutenganisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Mpiga chapa huweka maneno karatasini, akajalidi, akalipwa. Kitabu kisiponunuliwa, hasara si yake. Mchapishaji naye huuteua mswada, huuhariri, huusarifu kurasa na jalada, hulipia upigaji chapa, huutangaza na kuusambaza, kisha humlipa mwandishi mrabaha. Kwa hivyo anayejichapishia hakwepi kazi yoyote kati ya hizo; anajitwika zote. Anayedhani kwamba kujichapishia ni kuupeleka mswada kiwandani na kurudi na maboksi ya vitabu amefanya kazi moja tu na kuziacha nyingine zote.

Waliotutangulia

Njia ya kujichapishia si ngeni Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi akachapisha vitabu vyake mwenyewe vya Kiingereza, vikiwemo My Dear Bottle (1973) na After 4.30 (1974). Vilikuwa vitabu vidogo, vya bei nafuu, vilivyozungumzia maisha ya mjini, na vilinunuliwa mno. Hata hivyo, mwaka 1976 vitabu vyake vilipigwa marufuku nchini Tanzania. Funzo lake ni bayana: mwandishi anapokuwa ndiye mchapishaji, pigo moja la soko humwangukia mtu mmoja.

Kwa upande wa Kiswahili, shirika la East African Literature Bureau, lililoasisiwa mwaka 1948, ndilo lililokuwa tegemeo la waandishi wengi wa mwanzo. Hata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka huko mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo halikudumu. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya waandishi wa riwaya pendwa nchini Tanzania waligeuka wachapishaji. Ben Mtobwa, kwa mfano, alianzisha Heko Publishers jijini Dar es Salaam.

Wachapishaji wadogo nao wametenda makubwa. Musaleo! ya K. W. Wamitila ilitolewa na Vide-Muwa mwaka 2004, ilhali ni riwaya ya majaribio isiyomwahidi mfanyabiashara faida ya haraka. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilitolewa na Target Publications mwaka 2012, na Chozi la Heri ya Assumpta Matei ikatolewa na One Planet mwaka 2014. Zote mbili baadaye ziliteuliwa kutahiniwa katika shule za upili za Kenya. Jina kubwa la kampuni, basi, si sharti la mafanikio ya riwaya.

Mizani ya fedha

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kukadiria ili msomaji aone jinsi ya kupiga hesabu, kisha aweke humo bei halisi atakazopewa. Tuseme nakala 500 za riwaya fupi zinapigwa chapa kwa shilingi 150 kila moja, yaani shilingi 75,000. Uhariri ugharimu shilingi 30,000 na jalada shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 115,000. Kitabu kiuzwe kwa shilingi 500, na muuza vitabu achukue asilimia 35. Mwandishi atabaki na shilingi 325 kwa kila nakala, na itambidi auze nakala 354 ndipo arudishe gharama. Zikinunuliwa zote 500, atapata faida ya shilingi 47,500. Zikinunuliwa 200 pekee, atapoteza shilingi 50,000.

Sasa mswada uo huo uchukuliwe na mchapishaji mdogo kwa mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya kitabu. Nakala 500 zitamletea mwandishi shilingi 25,000. Nakala 200 zitamletea shilingi 10,000, na katika hali zote mbili hatakuwa ametoa hata senti moja. Kwa hiyo anayejichapishia hupata zaidi kitabu kinapouzika na huumia zaidi kinapododa. Ikumbukwe pia kwamba asilimia 10 ya bei ya kitabu si sawa na asilimia 10 ya fedha zinazomfikia mchapishaji. Katika mfano wetu, ya kwanza ni shilingi 50 na ya pili ni shilingi 32 na senti 50. Neno moja katika mkataba huondoa zaidi ya theluthi ya pato.

Yasiyohesabika kwa shilingi

Fauka ya fedha, mchapishaji mdogo aliye makini humpa mwandishi mhariri, yaani msomaji asiye rafiki wala jamaa, anayeweza kumwambia kwamba sura ya tatu haina kazi. Vilevile humfungulia milango ya taasisi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, inapotaka vitabu vya shule, huwaalika wachapishaji kuviwasilisha. Mwandishi asiye na kampuni hupata taabu kuuitikia mwaliko huo.

Kujichapishia nako kuna sifa zake. Mwandishi huamua mwenyewe lini kitabu kitoke, kwa lahaja gani na kwa jalada gani. Mitambo ya kidijitali imewezesha kupigwa chapa kwa nakala chache kwa wakati mmoja, hata hamsini, ingawa gharama ya kila nakala hupanda. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, msomaji aliye Lodwar aweza kumlipa mwandishi aliye Mombasa na kutumiwa kitabu kwa basi, bila asilimia 35 ya duka kukatwa. Mwandishi mwenye hadhira inayomfahamu, kama vile malenga wa redioni au mwalimu wa warsha, ana sababu njema ya kujichapishia. Asiye na hadhira wala mhariri atakuwa anapiga mbizi nchi kavu.

Pale mtego ulipo

Hatari kubwa zaidi haiko katika njia yoyote kati ya hizi mbili. Iko katika njia ya tatu inayojifanya kuwa ya pili: mtu hujiita mchapishaji, akamtaka mwandishi alipie uhariri na chapa, kisha akamtilisha sahihi mkataba unaompokonya haki zote. Hapo hasara hubaki kwa mwandishi na haki huenda kwa mwingine. Huyo ni mpiga chapa aliyevaa joho la mchapishaji.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwanafunzi wa miaka 22 akiziuza haki zake kwa muda wote huo, naye akaishi hadi miaka 80, atakuwa amezifunga kwa miaka 108. Kwa hivyo mkataba na utaje muda maalumu, kwa mfano miaka mitano au saba. Useme haki zitamrudia mwandishi kitabu kikiadimika madukani. Utenge haki za tafsiri, filamu na nakala za kielektroniki. Na ueleze mrabaha hukokotolewa juu ya nini na hulipwa lini.

Hitimisho

Imebainika kwamba hakuna njia iliyo bora kwa kila mwandishi. Aliye na mtaji anaoweza kuupoteza, mhariri wa kumlipa na wasomaji wanaomngoja, na ajichapishie, wala asimpe mtu haki zake. Asiye na hayo na amtafute mchapishaji mdogo anayetoa fedha zake mwenyewe, ampe haki chache kwa muda mfupi. Kabla ya kutia sahihi, mwandishi chipukizi ajiulize swali moja: kitabu kisiponunuliwa, nani atakayelia? Iwapo ni yeye, basi haki na zibaki mikononi mwake.