Jiwe Lipo, Hati Bado

Pita mitaa ya Kimara au Goba, jijini Dar es Salaam, utayaona mawe ya mipaka yamechimbiwa kwenye kona za viwanja. Muulize mwenye nyumba hati iko wapi, na huenda akakutolea risiti ya kampuni ya upimaji. Urasimishaji wa makazi umefika hapo: upimaji umepata soko, umilikishaji haujapata.

Tatizo ni namna fedha inavyodaiwa. Kampuni binafsi ziliruhusiwa kupanga na kupima makazi holela, na baadaye bei ya juu ikashushwa hadi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Watu wakachanga kupitia kamati za mitaa, wengi wakidhani hiyo ndiyo bei ya hati. Sivyo. Ramani ikishaidhinishwa ndipo ankara inapotoka: tozo ya mbele, ada ya hati, usajili, ushuru wa stempu, pamoja na kodi ya pango la ardhi ambayo itarudi kila mwaka. Mama lishe aliyemaliza laki moja na nusu kwa kudunduliza hawezi kulipa yote hayo kwa mkupuo. Namba ya malipo ya ankara hiyo inaisha muda wake ikiwa ndani ya simu.

Kampuni nazo zina hesabu zake. Zinategemea michango ya wananchi. Nusu ya mtaa wasipotoa, kazi inalala, na waliokwisha kulipa wanasubiri wasiolipa. Mawaziri wa ardhi wamezikaripia zaidi ya mara moja, ingawa karipio halijazi mafuta gari la wapimaji.

Halafu kuna vielelezo. Nyumba ikiwa ya urithi, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na familia nyingi hazijawahi kufungua mirathi. Wengine waliuziana kimyakimya kukwepa ile asilimia kumi ambayo viongozi wa mitaa wamezoea kuidai bila sheria kuitambua. Leo mkataba wao hauna muhuri wa mtaa.

Njia mbadala ni leseni ya makazi, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini ni ya miaka michache, wakati hati inaweza kufika miaka 99. Mkopeshaji anaijua tofauti hiyo.

Wizara na halmashauri ziweke gharama yote mezani katika mkutano wa kwanza wa mtaa, hadi shilingi ya mwisho ya usajili, na ziruhusu ilipwe kidogo kidogo tangu siku hiyo. Mwananchi naye asitoe mchango kabla ya kuiona hesabu hiyo kwa maandishi.