Harufu ya Ukungu Nyumbani: Dawa Yake si Udi

Kila masika baadhi yenu huja darasani na kanzu na mabuibui yanayonuka uvundo, ingawa yamefuliwa. Sabuni haina kosa. Nguo ilikunjwa kabla haijakauka vizuri, ikafungiwa kabatini.

Ukungu ni aina ya kuvu, nao hutaka unyevu na chakula. Chakula chake ni pamba, mbao, ukili wa mkeka, hata karatasi. Ndiyo maana misahafu iliyobanana kwenye rafu inayogusa ukuta hupata madoa. Wengi wetu hukimbilia kufukiza udi. Udi huficha harufu kwa saa chache, ukungu unabaki palepale, na mtoto mwenye pumu huongezewa moshi.

Basi tupunguze maji ndani. Tazameni kwanza bati linalovuja. Nguo zianikwe nje mvua inapokatika, sufuria ifunikwe, madirisha yanayotazamana yafunguliwe jua likitoka. Kabati lisogezwe kutoka ukutani kiasi cha kiganja. Mkeka wa kuswalia uanikwe, maana watoto huukanyaga na miguu yenye maji ya udhu (walimu pia!).

Wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, tahadharini na plasta ya saruji. Chokaa huruhusu unyevu unaopanda kutoka ardhini utoke, saruji huufungia ukutani. Fundi akikwambia saruji ndiyo imara zaidi, mwombe akurudishie chokaa.