Je, Wajua? Mafahali Wawili, Zizi Moja, Dakika 53

Je, wajua kwamba kuna kiongozi wa okestra aliyepanda jukwaani, akawageukia watu waliokwisha kulipa kiingilio, na kuwaambia kwamba muziki watakaousikia siku ile yeye mwenyewe hakubaliani nao?

Alikuwa Leonard Bernstein, ukumbini Carnegie Hall, New York, tarehe 6 Aprili 1962. Mpiga piano alikuwa Glenn Gould, Mkanada wa miaka 29, na kazi iliyopangwa ni koncheto ya kwanza ya Johannes Brahms. Koncheto ya piano ni muziki wa piano moja mbele na okestra nzima nyuma, na tangu zamani watu hubishana nani mwenye kauli humo: aliyekaa kwenye piano au aliyeshika fimbo. Gould alitaka mwendo wa polepole mno, tena piano isishindane na okestra bali izame ndani yake. Bernstein angeweza kukataa, au kumwachia msaidizi wake fimbo akaenda kulala. Badala yake alieleza kwamba Gould ni msanii wa kweli, kwamba mawazo yake yanastahili kusikilizwa hata ukiyapinga, na kwamba katika maisha yake amewahi kulazimika kumfuata mpiga piano namna hiyo mara moja tu: mara ya mwisho alipopiga na huyohuyo Gould. Ukumbi ukaangua kicheko.

Kisha piano ikalia. Wengi huimaliza koncheto hiyo chini ya dakika 50. Siku ile ilipita 53.

Mhakiki wa New York Times, Harold Schonberg, aliwashushua wote wawili. Aliandika tathmini yake kwa mtindo wa barua kwa rafiki, na ndani yake akapenyeza mwiba: huenda Gould alikwenda polepole kwa sababu vidole vyake havikuweza kasi. Hapo, nadhani, alikosea mtu. Gould ndiye yule aliyepata umaarufu kwa santuri yake ya Bach ya mwaka 1955, Goldberg Variations, iliyowashangaza watu kwa mbio zake. Vidole havikuwa shida yake hata siku moja.

Gould mwenyewe hakununa. Alisema baadaye kwamba hotuba ile haikumuudhi hata kidogo. Ndiyo maana hadithi kwamba alikimbia majukwaa kwa aibu ya siku ile haina miguu: aliendelea kupiga mbele ya watu miaka miwili zaidi, mpaka onyesho lake la mwisho Los Angeles, Aprili 1964. Jukwaa alikuwa amelichoka kitambo. Alipenda studio, mahali ambapo hapana mtu wa kukohoa.

Je, wajua alikuwa akikalia nini? Kiti cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu, kimo chake kama sentimita 35 kutoka sakafuni. Alisafiri nacho kila alikokwenda, na hakukiacha hata kilipochakaa na kubaki mbao tupu. Upigaji wake wa Bach umo pia katika diski zilizorushwa angani ndani ya vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977.

Turudi kwa Brahms, maana ugomvi juu ya koncheto hii una umri mkubwa kuliko Gould na Bernstein. Brahms mwenyewe ndiye aliyeipiga mara ya kwanza, Hannover, Januari 1859, akiwa na miaka 25. Siku tano baadaye aliipiga Leipzig, na watu wakamzomea.

Lakini lililo tamu zaidi ni hili. Miongo miwili baada ya hotuba yake, Bernstein aliirekodi koncheto ileile mjini Vienna, safari hii na Krystian Zimerman kwenye piano. Mwendo? Polepole, na saa ya ukutani haioni tofauti kubwa na ule wa Gould. Hapakuwa na hotuba, na hapakuwa na kashfa. Ndipo mtu anajiuliza: watu wa New York walisikia piano ya Gould, au walisikia maneno yaliyotangulia?

Maneno ya jalada nayo huweza kuligeuza sikio. Je, wajua kwamba mhakiki mmoja wa jarida la Gramophone aliisikiliza rekodi moja mara mbili, mara ya kwanza asivutiwe nayo sana, mara ya pili akaimwagia sifa? Ilikuwa koncheto ya tatu ya Rachmaninov. Mara ya kwanza jalada lilimtaja mwenye rekodi halisi, Yefim Bronfman, akiongozwa na Esa-Pekka Salonen. Mara ya pili jalada liliandikwa Joyce Hatto, Mwingereza mzee aliyesemekana kupigana na saratani huku akirekodi nyumbani, na ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye CD zaidi ya 100. Hata kiongozi wa okestra aliyetajwa, René Köhler, hakuwahi kuwepo duniani.

Sikio la binadamu halikugundua. Iligundua kompyuta, Februari 2007, msikilizaji mmoja alipoitia CD ya Liszt yenye jina la Hatto na programu ikamwandikia jina la mpiga piano mwingine, László Simon. Wataalamu wa sauti wakalinganisha mawimbi, na wizi ukafumuka mmoja baada ya mwingine. Hatto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mume wake, aliyekuwa mwenye lebo iliyotoa CD hizo, alikiri na kusema alifanya hivyo kwa ajili ya mkewe.

Simcheki mhakiki yule. Mimi nami nilisikia hotuba ya Bernstein kabla ya piano ya Gould, na sijui kama masikio yangu yamepona. Kwangu sehemu ya kwanza ya koncheto ile ya Brahms inaubeba mwendo wa Gould vizuri, kama mtu anayepanda mlima akijua njia. Ya tatu inachoka.

Rekodi ya 1962 ilizunguka miaka mingi kwa njia ya uharamia, mpaka kampuni ya Sony ilipoitoa rasmi mwaka 1998, hotuba ikiwemo. Ukiipata, ruka hotuba. Anza na piano, kisha ndiyo urudi kumsikia Bernstein.